Uzoefu wangu wa miaka miwili na huduma ya kulipia ya data za bei za hisa

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa mteja wa huduma moja ya mtandaoni inayouza kumbukumbu za bei za hisa katika masoko makubwa ya dunia. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ninayoyaeleza hapa yatamfaa mtu yeyote anayetafuta huduma ya aina hii, iwe hiyo au nyingine. Kwa kila hisa na kila siku ya soko, huduma hii hutoa mstari mmoja wenye bei ya kufungulia, bei ya juu kabisa, bei ya chini kabisa, bei ya kufungia, idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo, na safu moja ya ziada yenye bei ya kufungia iliyorekebishwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa kwenye faili za bure, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Kabla ya hapo nilikuwa nikipakua bei ghafi, yaani zisizorekebishwa, na kuzikokotoa mwenyewe kwenye lahajedwali. Siku moja hesabu yangu ilinionyesha kwamba mtu aliyekuwa na hisa za Apple alipoteza asilimia 74 ya mali yake kati ya Ijumaa tarehe 28 Agosti 2020, bei ilipofunga kwa dola 499.23, na Jumatatu tarehe 31, ilipofunga kwa dola 129.04. Ukweli ni kwamba asubuhi ya Jumatatu hiyo kila hisa moja ya Apple iligawanywa kuwa nne. Ukigawa 499.23 kwa 4 unapata takriban dola 124.81, kwa hiyo mwenye hisa hakupoteza chochote, bali alipata faida ya zaidi ya asilimia 3 katika siku moja. Faili yangu haikuwa na kosa, kwa maana bei zote mbili ndizo zilizolipwa sokoni; kilichokosekana ni habari ya kilichotokea katikati yake.

Mgawanyo wa hisa angalau huonekana kwa macho, kwa sababu bei hushuka kwa ghafla na kwa uwiano ulio wazi. Gawio, yaani fedha ambazo kampuni huwalipa wenye hisa wake, ni gumu zaidi kuligundua. Mfano ninaoupenda ni wa Microsoft, iliyotoa gawio maalumu la dola 3 kwa kila hisa mwaka 2004. Ijumaa tarehe 12 Novemba hisa ilifunga kwa dola 29.97, na tarehe 15, siku ya kwanza ambayo mnunuzi mpya hakuwa na haki ya gawio hilo, ilifunga kwa dola 27.39. Mchoro wa bei ghafi unaonyesha anguko la zaidi ya asilimia 8, ilhali aliyekuwa na hisa hiyo tangu Ijumaa alikuwa na dola 27.39 za hisa na haki ya kulipwa dola 3 taslimu, jumla dola 30.39, yaani alikuwa amepanda kidogo. Ili mfululizo wa bei usidanganye, huduma huchukua dola 3, huzigawa kwa bei ya kufungia ya siku iliyotangulia, huondoa jibu hilo kwenye 1, kisha huzidisha bei zote za nyuma kwa kile kilichobaki, ambacho hapa ni takriban 0.90. Kilichonivutia kwenye huduma hii ni kwamba vizidishio hivyo vimewekwa kwenye jedwali lake lenyewe, pamoja na tarehe na sababu ya kila kimoja, hivyo ninaweza kuirudia hesabu kwa mkono na kuona kama tunakubaliana. Nimefanya hivyo kwa makampuni mengi, na mara nyingi sana tumekubaliana hadi senti ya mwisho.

Hata hivyo, bei iliyorekebishwa nayo ina mtego wake, na ninaona watu wengi wakinaswa. Hisa za Apple zilipoanza kuuzwa kwa umma Desemba 1980, bei yake ilikuwa dola 22. Tangu wakati huo zimegawanywa mara tano: mbili kwa moja mwaka 1987, 2000 na 2005, saba kwa moja mwaka 2014, na nne kwa moja mwaka 2020. Ukizidisha migawanyo hiyo yote, hisa moja ya mwanzo imekuwa hisa 224, na ndiyo maana safu iliyorekebishwa huonyesha bei ya mwaka 1980 kuwa takriban senti 10, au chini ya hapo gawio likihesabiwa. Hakuna mtu aliyewahi kununua hisa ya Apple kwa senti 10. Kwa hiyo mtu anayetaka kuchuja hisa zilizokuwa chini ya dola 5 katika mwaka fulani, au kulinganisha bei na faida ya kampuni kwa kila hisa kama ilivyotangazwa wakati huo, lazima atumie bei ghafi. Anayepima faida ya kushikilia hisa kwa muda mrefu ndiye anayehitaji iliyorekebishwa. Huduma inayotoa safu moja tu bila kusema ni ipi haifai kulipiwa.

Jambo jingine lilinigharimu jioni mbili nzima. Nilipakua data za kampuni ileile mara mbili, kwa tofauti ya miezi minne, nikakuta bei zilizorekebishwa za miaka ya nyuma zimebadilika zote. Niliamini faili imeharibika. Baadaye nilielewa kwamba kampuni ilikuwa imelipa gawio katikati ya vipindi hivyo, na kila gawio jipya huvuta chini kidogo historia yote iliyotangulia. Tangu siku hiyo naandika tarehe ya kupakua kwenye jina la kila faili, wala sichanganyi safu zilizorekebishwa kutoka tarehe mbili tofauti.

Sababu ya pili iliyonifanya niendelee kulipia ni makampuni yaliyokufa. Faili za bure nilizokuwa nazo zilijengwa kutokana na orodha ya makampuni yaliyopo leo, na kwa hiyo ukijaribu mbinu yoyote ya uwekezaji kwa miaka 20 ya nyuma, unajikuta unachagua miongoni mwa walionusurika tu. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoomba ulinzi wa mufilisi (kinga ya kisheria kwa kampuni isiyoweza kulipa madeni yake) Desemba 2001, haimo. Benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers, iliyofuata njia hiyo tarehe 15 Septemba 2008, haimo pia. Nilikuwa na mbinu ya kununua hisa zilizoporomoka sana nikitarajia zirudi juu, na kwenye data za bure ilionekana ya ajabu. Nilipoirudia kwenye data zenye makampuni yaliyoondolewa sokoni, ubora wake ulitoweka karibu wote, kwa kuwa baadhi ya hisa zilizoporomoka hazikurudi kamwe. Nashukuru kwamba nililijua hilo kabla ya kuweka fedha zangu.

Hapohapo kuna suala la alama za makampuni sokoni, yaani herufi chache zinazoitambulisha kila hisa. General Motors ya zamani iliomba ulinzi wa mufilisi tarehe 1 Juni 2009, na kampuni mpya ikaanza kuuzwa Novemba 2010 kwa alama ileile ya GM. Mtu akiunganisha mifululizo hiyo miwili, atadhani wenye hisa wa zamani waliendelea kuwa wenye kampuni, jambo ambalo si kweli. Huduma hii hutumia namba ya kudumu kwa kila kampuni badala ya kutegemea alama, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kabisa waliofanya.

Kalenda wanaijali pia, ingawa hapo sina mengi ya kusema. Soko la Hisa la New York lilifungwa kuanzia tarehe 11 Septemba 2001 hadi lilipofunguliwa tena tarehe 17, na lilifungwa tarehe 29 na 30 Oktoba 2012 kwa sababu ya kimbunga Sandy. Siku hizo hazimo kwenye data, kama inavyopaswa, wakati faili zangu za zamani zilirudia bei ya siku iliyotangulia kana kwamba soko lilikuwa wazi ila halikusogea.

Sasa kasoro, na zipo za uzito. Ya kwanza ni pale kampuni inapozaa kampuni nyingine na kugawa hisa zake kwa wenye hisa, kama eBay ilivyotengana na PayPal Julai 2015, ambapo kila hisa ya eBay ilileta hisa moja ya PayPal. Matukio ya aina hii yanahitaji kurekebishwa kwa thamani ya kile kilichotolewa, na katika mawili niliyoyakagua nilikuta rekebisho limewekwa siku moja baada ya tarehe yake, hivyo kukawa na anguko la uongo likifuatwa na mruko wa uongo. Niliwaandikia nikiwapa hesabu kamili. Moja lilisahihishwa baada ya wiki tano, la pili bado lilikuwa vilevile nilipokagua wiki hii. Kasoro ya pili ni maelezo ya sarafu. Hisa nyingi za London hunukuliwa kwa peni (sehemu ya mia ya pauni), siyo kwa pauni, na kwenye ukurasa wa kupakua hilo halisemwi popote. Unalikuta ndani ya mwongozo, baada ya kurasa nyingi. Asiyejua atakosea mara 100. Ya tatu ni kwamba hawaelezi wazi kama idadi ya hisa zilizouzwa nayo imerekebishwa kwa migawanyo. Niligundua mwenyewe kwamba imerekebishwa, kwa kuilinganisha na chanzo kingine.

Kwa anayetaka kuangalia tu mwenendo wa hisa moja au mbili, sioni haja ya kulipa. Chati za bure zinatosha, ilimradi ajue kama zimehesabu gawio au la. Kwa anayepima mbinu kwa miaka mingi au kuandika utafiti, ningemshauri achukue mwezi mmoja wa majaribio, apakue Apple ya Agosti 2020, Microsoft ya Novemba 2004 na eBay ya Julai 2015, kisha atafute Lehman Brothers kwenye orodha. Mimi nimelipia mwaka wa tatu, na ile tarehe isiyosahihishwa nimewaandikia tena jana.