Uzoefu wangu wa kuvuka Lunga Lunga na Horohoro kutoka Mombasa

Kwa anayekwenda Tanga au Dar es Salaam, mpaka huu wa Kenya na Tanzania nauona mzuri, mradi karatasi zako zimekamilika kabla hujavuka feri ya Likoni. Wengi wanaokwama pale wamekwama tangu nyumbani.

Kinachowachanganya abiria ni mihuri. Hiki ni kituo cha huduma kwa pamoja, kwa hiyo mihuri yote miwili hupigwa katika nchi unayoingia. Ukienda Tanzania, usitafute muhuri wa kuondoka pale Lunga Lunga, upande wa Kenya. Pitiliza hadi Horohoro, upande wa Tanzania, uanze kwa maafisa wa Kenya kisha wa Tanzania, wote wako pamoja. Ukirudi, yote hufanyika Lunga Lunga. Usiondoke dirishani kabla ya kufungua pasipoti na kuhakikisha mihuri ni miwili na siku ulizopewa zinasomeka. Muhuri uliokosekana utakusumbua siku ya kurudi, wakati basi linakungoja.

Kitambulisho cha taifa hakitoshi. Kinakufikisha Uganda na Rwanda, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kutoka uhamiaji. Mkenya halipi viza.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo huulizwa, kwa sababu unatoka Kenya. Chanjo huhesabika baada ya siku 10, basi kuchanjwa jioni ya kuamkia safari hakukusaidii. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 usiitupe: tangu Julai 2016, chanjo moja inatambuliwa maisha yote. Anayekuuzia kadi bila sindano anakuuzia ugonjwa na kesi, mkatae.

Mwenye gari abebe logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, au barua ya mwenyewe ikiwa gari si lake, pamoja na bima ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambuliwa nje ya nchi yako, ambayo hukatwa Mombasa kwa wakala wa bima. Forodha watakuandikia kibali cha muda. Angalia tarehe ya mwisho, kwani gari likipitiliza siku hizo unadaiwa. Ukishaingia, vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wa Tanzania hawana masihara na hilo.

Basi la moja kwa moja au matatu? Kwa Dar, basi. Kwa Tanga napendelea matatu ya Likoni hadi Lunga Lunga, bodaboda hadi Horohoro, kisha gari dogo la Tanga, maana basi husubiri abiria wote, hata yule asiye na karatasi. Pesa badilisha kidogo tu, ya nauli na chakula, na uhesabu noti moja moja mwenyewe kabla ya kutoa zako. Zile sufuri nyingi za shilingi ya Tanzania ndizo zinazomponza mgeni.

Wafanyabiashara wadogo, hasa wanaoleta machungwa kutoka Muheza, Tanga, hadi soko la Kongowea, Mombasa: mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa wa Afrika Mashariki na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, kinachotolewa mpakani bure. Hakiondoi cheti cha afya ya mimea, na hapo ndipo mizigo mingi ya matunda hulala. Kitafute shambani kabla ya kupakia. Mifuko ya plastiki iache kabisa, imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019.