Manteca si siagi: uzoefu wangu wa kujifunza majina ya vyakula vya maziwa kwa Kihispania

Mwezi wangu wa kwanza Sevilla, kusini mwa Hispania, nilikaanga mayai kwa mafuta ya nguruwe, ndani ya nyumba ambayo mafuta hayo hayakuwahi kuingia. Kosa lilitoka kwenye kadi. Nilikuwa nimenunua kwenye simu fungu la kadi za msamiati wa Kihispania, mada ya maziwa, maneno arobaini yenye picha na sauti. Kadi moja ilikuwa na picha ya kipande cha siagi na chini yake neno moja tu: manteca. Nikalikariri. Dukani nikaona kopo jeupe lenye neno hilo kwa herufi kubwa, nikalitia kikapuni. Chini yake palikuwa na herufi ndogo, de cerdo, yaani ya nguruwe, lakini neno hilo sikulijua kwa sababu fungu langu lilihusu maziwa peke yake. Mume wangu ndiye aliyelisoma lile kopo, na chakula kilikuwa mezani tayari. Mayai tuliyamwaga. Kikaango nilikiosha mara saba, moja kwa udongo niliochota kwenye chungu cha maua, kama tulivyofundishwa chuoni Tanga.

Baadaye nilielewa kwamba kadi ile haikusema uongo, ila ilisema ukweli wa nchi nyingine. Argentina na Uruguay, manteca ni siagi kweli. Hispania, manteca ni mafuta ya nguruwe, na siagi ni mantequilla, neno ambalo ukilivunja ni kama kusema "manteca ndogo". Huku Andalucía watu wanapaka manteca ya rangi nyekundu kwenye mkate asubuhi, na Krismasi ikikaribia maduka hujaa mantecados, vibiskuti laini ambavyo mji wa Estepa umejulikana navyo, navyo hutengenezwa kwa mafuta hayohayo. Kwa Mwislamu anayekuja kuishi huku hili ndilo neno la kwanza la kujifunza, kabla hata ya salamu.

Tangu siku ile sikununua tena fungu lililokwishatengenezwa. Niliingia Anki, na sasa ni miezi minane naitumia kila siku. Ni programu ya kadi za kukumbuka. Jina lake ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri, na imekuwepo tangu mwaka 2006. Kwenye kompyuta na simu za Android ni bure, kwenye iPhone hulipiwa. Kadi zake unaandika mwenyewe. Upande wa mbele swali, nyuma jibu, kisha unabonyeza kitufe kuonyesha kama ulikumbuka kwa urahisi, kwa taabu, au ulisahau. Uliyoisahau inarudi muda huohuo. Uliyoijua inasogezwa mbele siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Kwa kawaida hukuletea kadi mpya 20 kwa siku. Mimi nilizipunguza zikawa 5, kwa sababu nafanya kazi jikoni kwenye hoteli na nikirudi nyumbani kichwa kimechoka.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba nyuma ya kadi naandika kwa Kiswahili. Fungu nililonunua lilipita kwenye Kiingereza kwanza, na njiani vitu vingi vilidondoka. Angalia neno cortar, kukata. Mhispania maziwa yakiharibika wakati wa kuchemsha husema la leche se ha cortado, na sisi husema maziwa yamekatika. Ni picha ileile! Kadi hiyo niliiandika mara moja tu na haikunisumbua tena. Ila kuna cortado nyingine, kahawa iliyotiliwa maziwa kidogo, na hiyo haina ubaya wowote. Ni kahawa iliyokatwa ukali. Nimeziweka kadi mbili zifuatane.

Cuajada nayo. Nilipoliona jina kwenye vikombe dukani, nikalitafuta, nikakuta linatokana na cuajar, kuganda. Nikasema moyoni, mtindi huo, nimeupata. Nilibeba vikombe vinne. Sivyo. Maziwa mgando ya kwetu huchachuka, na uchachu ndio utamu wake; cuajada hugandishwa kwa renneti, yaani kitu cha kugandishia maziwa, asili yake ni maziwa ya kondoo, haina uchachu wowote, na kaskazini huko Navarra wanaila kwa asali. Ni chakula kizuri, laini, lakini si cha kula na ugali. Kilichonikaribia mtindi ni kéfir, kinauzwa karibu kila duka kubwa. Kwa hiyo kadi yangu ya cuajada nyuma imeandikwa: "maziwa yaliyoganda bila kuchachuka, usidhani ni mtindi". Tafsiri ya neno moja isingenitosha.

Kutoka hapo nikajifunza cuajo, renneti yenyewe. Wapo ndugu wanaotaka kujua jibini imegandishwa kwa kitu cha mnyama au cha mmea, basi kwenye lebo tafuta vegetal. Torta del Casar, jibini ya Extremadura inayoyeyuka kama uji mzito, hugandishwa kwa ua la mbigili. Muuzaji wa jibini sokoni ndiye aliyenionyesha, mama mtu mzima anayeniita hija, mwanangu, na ndiye aliyekubali kunisomea maneno nikamrekodi. Sauti yake iko ndani ya kadi zangu. Kila nikisikia requesón, jibini laini inayotokana na maji ya maziwa, naisikia kwa mdomo wake.

Majina ya umri wa jibini yalikuwa magumu kwangu mpaka nilipoyapanga kwa siku. Kwa jibini kubwa, zaidi ya kilo 1.5, sheria ya Hispania inataka tierno ikae angalau siku 7, semicurado 35, curado 105, viejo 180, na añejo 270. Kadi ya mbele naandika siku, nyuma naandika jina. Sasa nikiagiza Manchego, ambayo ni ya maziwa ya kondoo wa La Mancha, najua kwamba nikisema curado nitapata ngumu yenye ladha kali, na watoto wangu wanaitaka semicurado.

Maziwa yenyewe ni rahisi. Entera yana mafuta yote, semidesnatada nusu, desnatada yametolewa mafuta, na mara nyingi pakiti ni bluu, kijani na waridi kwa mpangilio huo. Usiyatafute kwenye friji tu, maana mengi ni ya kukaa muda mrefu na hupangwa rafuni. Matamshi hayatushindi: irabu zao ni tano kama zetu, ñ ni "ny", j ni "kh" ya wazee wa pwani, qu ni "k", kwa hiyo queso ni "keso". La kuangalia ni vineno la na el vinavyotangulia majina. Nimeandika kila neno pamoja na kiambishi chake, la leche, el queso, la nata, kama vile sisi tusivyojifunza neno bila ngeli yake.

Nata imenichosha kidogo. Hapa ni malai ya kupikia na ya kuchapa kwa keki, na vilevile ni ule utando unaokaa juu ya maziwa yaliyochemka. Nikiitaja kwa mwenzangu wa kazini anayetoka Kolombia, yeye anafikiria utando tu. Malai ya pakiti kwake ni crema de leche. Na hapa Sevilla ukisema crema, mtu anaweza kukuletea supu iliyosagwa, au mafuta ya kujipaka. Maziwa yaliyochemshwa na sukari mpaka yakawa kahawia mazito ni dulce de leche kwa Waargentina, arequipe kwake yeye, manjar kwa Wachile, na Wameksiko wana cajeta ya maziwa ya mbuzi. Kwa hiyo kwenye kila kadi kona ya juu naandika nchi. Ningekuwa na kona hiyo kwenye kadi ya manteca, kikaango changu kingesalimika.

Ukitaka kuanza, anza na lebo zilizomo kwenye friji yako. Zipige picha, kata kipande chenye jina, kiweke mbele ya kadi, na uweke pia orodha ya viambato, maana neno la hatari mara nyingi liko huko. Neno usiloliamini litafute kwenye kamusi ya Real Academia Española, ipo mtandaoni bure, nayo hutaja nchi ambazo maana fulani inatumika. Kazi ya kuandika kadi ni yako mwenyewe na inachukua jioni nyingi. Asiye na nafasi hiyo Anki haitamfaa sana.

Kwenye kamusi hiyo ndiko nilikopata kadi ninayoipenda kuliko zote. Yule mwenzangu alileta kazini mikate midogo ya jibini, ya moto, akaniambia ni almojábana. Niliitafuta usiku uleule. Inatoka kwa Waarabu wa Andalusi, al-mujabbana, iliyotengenezwa kwa jibini, na shina lake ni lilelile lililotupa sisi neno jibini. Kadi ile sijaikosea hata mara moja.