Moduli ya fedha na uendelevu, masomo ya jioni: nyota tatu

Mimi ni mhasibu, nimemaliza moduli hii mwezi uliopita kwenye chuo kimoja cha biashara hapa Dar. Wiki tatu za mwanzo ni slaidi tupu: picha za miti, dunia imebebwa kiganjani. Nusura nidai ada yangu.

Wiki ya nne mwalimu akaja na hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira) ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ya 2024: shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5. Darasa likaamka. Bili za maji zitalipaje riba hiyo? Chanzo cha maji kikipungua, kwenye jedwali unakata mapato kiasi gani? Dada mmoja wa benki alibishana na mwalimu mpaka mlinzi akaja na funguo zake. Hicho ndicho nilichokilipia.

Ila IFRS S2, kiwango cha kimataifa cha kuripoti athari za tabianchi kwa kampuni kilichotolewa 2023 na ambacho ndicho kitanikuta ofisini, kilipewa dakika 20. Mtihani nao ukauliza maana ya maneno tu, hesabu hakuna. Ukijiunga, beba kompyuta yako. Zile za maabara zinagoma ukifungua Excel.