Nasari ya mzee kabla ya Kiboswa: tikini ya kufunika kivuli, nyota nne kwa tano

Hii nasari ya miche haina jina wala bango, ukitoka Mamboleo ukipanda barabara ya Kakamega, kabla tu ufike Kiboswa, angalia neti nyeusi na miche imepangwa kwa mikebe ya rangi, hapo ndo penyewe. Naandika kwa sababu watu wa Kisumu kila siku wanauliza nyasi gani inakubali chini ya mwembe na jibu ni hakuna jameni. Nyasi ya Pemba itajaribu, nyasi ya paspalamu itajaribu, Januari ikifika unabaki na vumbi na mizizi, kisha mvua ya Aprili inakuja na huo udongo wetu mweusi mnaingia nao mpaka sebuleni.

Kitu cha kununua pale ni tikini, mmea unaotambaa na kufunika udongo kivulini, Asystasia gangetica ukitaka kuigoogle. Ni ua la kwetu kabisa, linamea lenyewe msituni na kando ya barabara, na Pwani majani yake wanapika mboga. Huku tunamjua zaidi ndugu yake, ile mboga ya kienyeji ya sokoni inaitwa atipa, tofauti ni kwamba atipa ni ya msimu, ikishazaa mbegu imeisha, lakini tikini inakaa mwaka baada ya mwaka. Inatambaa, kila kifundo kikigusa udongo kinatoa mizizi, ndo maana inafunga ardhi vile nyasi imeshindwa. Maua ni meupe madogo yenye doa la zambarau kwa ule mdomo wa chini, si maua ya kuringia kwa harusi lakini nyuki wanayapenda sana, na kuna kipepeo mweusi mwenye doa la bluu mbawa za nyuma anakuja kutaga hapo, viwavi wake watakutoboa majani kidogo, waache tu. Kwa kivuli kizito kabisa maua yanapungua, majani yanabaki mazuri. Kwa jua kali inachanua zaidi ila majani yanakuwa ya manjano manjano, sasa hapo si afadhali upande nyasi tu.

Sasa mzee mwenyewe. Miche yake anaikuzia chini ya neti, hii ni muhimu kuliko bei, kwa sababu mche uliozoea kivuli hausumbui ukifika kwako, si kama wale wa barabarani wanaoka miche juani wiki nzima halafu ikikauka wanakuambia hukumwagilia. Alikuwa anauza hamsini kwa mche, ukichukua mingi anashuka bila kelele. Na anaongea ukweli hata kama utamnyima mauzo. Mimi nilitaka kuizungushia bustani ya mboga akakataa, akaniambia, "Nyathina (yaani mwanangu), hii usipeleke karibu na sukuma, itakula shamba." Nikamwambia sawa baba, basi niipe mpaka gani, akasema weka mawe au njia ya simiti na uwe unakata kingo. Na ni kweli, vile vijumba vya mbegu vikikauka vinapasuka vinarusha mbegu mbali, huko Australia ni magugu wanapigana nayo na Malaysia inasumbua mashamba ya michikichi. Hapa ni nyumbani kwake, ina wadudu wa kuila, lakini bado ukiiachilia itatembea. Ukiweka panga kabla vijumba vikauke umemaliza hiyo stori, na majani unayokata mbuzi wanakula vizuri tu.

Nyota moja nimetoa kwa sababu ya kijana anayemsaidia. Mzee asipokuwepo huyo kijana atakuuzia chochote kinachotambaa na kukuambia ni hiyo hiyo. Atakupea ile ya majani ya zambarau yenye mistari ya fedha, ni mmea mzuri sawa, unafunika kivuli pia, lakini asili yake ni Mexico na mimi sikuja kutafuta wa Mexico. Hakuna mche umeandikwa jina, kwa hivyo angalia ua mwenyewe ndo ulipe. Pia hakuna till ya M-Pesa, unatuma kwa namba ya simu yake, na risiti sahau.

Kupanda panda mvua ikianza, achanisha kama futi moja hivi, weka samadi iliyooza kidogo, mwagilia mpaka ishike, kisha kiangazi uipe maji ya kuoshea mboga. Kuku wafungiwe mwanzo, wanachakura miche yote, hapo sina la kukuongezea.

Ukienda enda asubuhi ndo mzee yuko, na ubebe kreti yako, yeye anafunga miche kwa gazeti na ukiiweka kwa boda bila kreti itafika Kondele imelala yote.