Ufadhili wa chuo Marekani kwa mzazi pekee aliyerudi darasani: njia zipi zinalipa, zipi zinakula muda

Mtu wa miaka 38 mwenye watoto wawili akifungua tovuti za kutafuta skolashipu Marekani, maswali ya kwanza anayokutana nayo ni alama za mtihani wa kuingia chuo, timu ya michezo anayochezea na mwaka atakaomaliza sekondari. Zana nyingi zimeundwa kwa ajili ya kijana wa miaka 17. Matokeo yake mzazi anayelea peke yake anakesha akijaza maombi yasiyomlenga, huku fedha ambazo sheria inampa haki ya kuziomba zikibaki bila kuguswa. Hapa tunazipima njia kuu kwa mahitaji ya mzazi huyo. Tumezipanga kwa umuhimu, kwa hiyo ukiwa na jioni moja tu kwa wiki, anza na ya kwanza.

FAFSA: fomu inayodharauliwa kuliko inavyostahili

FAFSA ni fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, lakini wengi wanadhani ni fomu ya mikopo tu. Kwa mzazi pekee ndiyo chanzo bora kuliko skolashipu yoyote ya mtandaoni. Ni bure, hujazwa kwenye studentaid.gov, na kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1 kwa ajili ya mwaka wa masomo utakaofuata. Aliyetimiza miaka 24 kabla ya Januari 1 ya mwaka huo wa masomo huhesabiwa mwanafunzi anayejitegemea, na vivyo hivyo mwenye mtoto anayemgharimia zaidi ya nusu ya matunzo, hata kama mzazi mwenyewe ana miaka 20. Mapato ya baba na mama yake hayaulizwi kabisa.

Kinachotafutwa humo ni ruzuku ya Pell, fedha ya serikali kuu isiyorudishwa. Kiwango cha juu kwa 2025–26 ni dola 7,395. Kuanzia mwaka wa masomo 2024–25 kanuni zimemtaja mzazi pekee waziwazi: anapata Pell kamili ikiwa mapato yake ya kikodi hayazidi asilimia 225 ya kiwango cha umaskini cha serikali kwa familia ya ukubwa wake. Kwa mwanafunzi anayejitegemea ambaye si mzazi pekee, kikomo hicho ni asilimia 175. Tofauti hiyo ni kubwa, na inawaingiza watu wengi wenye ajira ya kudumu wanaojiona wanapata mshahara mkubwa mno kuomba msaada.

Jambo la pili linalomfaa mzazi ni kwamba Pell haidai masomo ya muda wote. Siku hizi hukokotolewa kwa krediti halisi (vizio vya kupimia uzito wa masomo ya semesta) ukilinganisha na 12, ambazo ndizo masomo ya muda wote. Mwenye krediti 9 anapata asilimia 75 ya kiasi chake, mwenye 7 asilimia 58, na hata mwenye somo moja anaweza kupata kitu. Basi usijibebeshe krediti 12 kwa kuogopa kukosa ruzuku kisha uanguke masomo mawili. Ila kumbuka kuna ukomo wa maisha, sawa na miaka sita ya masomo ya muda wote, na semesta ulizotumia ukiwa kijana zimo kwenye hesabu. Aliyekwisha kupata shahada ya kwanza hapati tena Pell kwa shahada nyingine ya kwanza.

Fomu huharibika mahali panapojulikana. Ukubwa wa familia huvutwa kutoka kwenye taarifa za kodi za miaka miwili nyuma. Kama mwaka ule mzazi mwenzio ndiye aliyewaandikisha watoto kwenye kodi yake, fomu inaweza kukuonyesha uko peke yako ilhali watoto unawalea wewe. Kuna swali linalokuruhusu kurekebisha, usilipite. Mliotengana bila talaka, chagua hali ya kutengana. Na kama mlijaza kodi pamoja mwaka ule, itabidi utenganishe mapato yako na ya mwenzio na kuweka ya kwako tu. Anayeliacha hivyo anahesabiwa mishahara miwili wakati anaishi kwa mmoja.

Mkopo wa zamani wa serikali uliotelekezwa nao hufunga mlango. Mwenye mkopo huo hapewi Pell mpaka aurekebishe, aidha kwa kuuunganisha kuwa mkopo mpya au kwa mpango wa malipo 9 ndani ya miezi 10, ambayo hupangwa kulingana na kipato. Shughulikia hili miezi mingi kabla ya kuomba chuo. Wahamiaji wenye kadi ya kijani, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaruhusiwa kujaza FAFSA, ila chuo kitataka nyaraka zao.

Ofisi ya msaada wa kifedha ya chuo

Ubora wake hutofautiana mno kati ya chuo na chuo, lakini ina uwezo ambao tovuti haina. Haitangazi yote inayoweza kufanya, usipouliza, hutaambiwa. Kwanza uliza kuhusu posho ya malezi ya watoto. Sheria inaruhusu gharama ya kulipia mlezi iingizwe kwenye bajeti rasmi ya mwanafunzi, si kwa saa za vipindi tu bali pia muda wa kujisomea, mafunzo kwa vitendo na safari ya kwenda na kurudi chuoni. Peleka risiti au barua ya mlezi yenye kiasi cha mwezi. Posho hiyo yenyewe si fedha mkononi. Inaongeza nafasi ya kupokea misaada mingine bila kuambiwa umevuka kiwango.

Kama umepoteza kazi, umetalikiana au umefiwa baada ya mwaka wa kodi uliotumika, omba hali yako ipitiwe upya. Ofisa ana mamlaka ya kubadilisha takwimu zako kwa ushahidi, na uamuzi huo unaweza kugeuza sifuri kuwa Pell kamili. Peleka barua ya kuachishwa kazi, hati ya mahakama au hati za mshahara za karibuni. Maelezo ya mdomo pekee hayamsaidii ofisa, kwa sababu faili lake hukaguliwa.

Ulizia pia kama chuo kina programu ya shirikisho iitwayo CCAMPIS, ambayo hulipa sehemu ya ada ya chekechea kwa wanafunzi wazazi wenye kipato kidogo. Fedha hupewa chuo, si mtu, kwa hiyo huwezi kuiomba ukiwa nyumbani. Kingine cha kuulizia ni ufadhili wa Osher kwa wanaorejea masomoni. Unalenga watu wa miaka 25 hadi 50 wanaotafuta shahada ya kwanza ambao masomo yao yalikatika kwa jumla ya miaka mitano au zaidi. Upo kwenye vyuo vikuu vilivyochaguliwa tu, na huombwa kupitia chuo chenyewe.

Waliowahi kuacha chuo katikati wakague rekodi ya zamani kabla ya yote. Vyuo hupima maendeleo ya mwanafunzi kwa wastani wa alama, mara nyingi 2.0, na kwa sehemu ya krediti alizomaliza, mara nyingi kama asilimia 67. Masomo uliyoyatelekeza miaka 15 iliyopita yanaweza kukunyima msaada leo. Rufaa inakubalika, na inayopita hueleza vitu viwili: nini kilitokea wakati ule, na nini kimebadilika sasa. Wengi huandika cha kwanza kwa kurasa tatu na kukisahau cha pili.

Mifuko iliyoanzishwa kwa ajili ya watu hawa

Hapa ndipo jioni zako zinapostahili kwenda baada ya FAFSA. Waombaji ni wachache kuliko kwenye skolashipu za kitaifa zilizo wazi kwa kila mtu, na wasomaji wa maombi wanajua wanasoma maisha ya nani.

Tuzo ya Soroptimist, shirika la wanawake, iitwayo Live Your Dream Awards, ni ya mwanamke ambaye ndiye tegemeo kuu la kifedha la nyumba yake, anayesoma shahada ya kwanza au ufundi. Dirisha huwa wazi Agosti 1 hadi Novemba 15. Maombi husomwa kwanza na klabu ya eneo lako, na washindi husonga mbele hadi ngazi ya juu. Tunaipa alama ya juu kabisa kwa sababu moja: fedha yake inaweza kulipia malezi ya watoto, usafiri na vitabu, si ada peke yake. Gari bovu huwatoa wazazi darasani kwa haraka kuliko ada, na fedha nyingi za chuo haziruhusiwi kuligusa. Udhaifu wake ni kwamba kiasi cha ngazi ya chini hutegemea uwezo wa klabu, na mahali pasipo na klabu karibu mambo hayaendi sawasawa.

Jeannette Rankin, aliyechaguliwa Montana mwaka 1916 na kuwa mwanamke wa kwanza katika Bunge la Marekani, aliacha sehemu ya mali yake isaidie wanawake watu wazima, na mfuko wenye jina lake ukaanzishwa mwaka 1976. Ni wa wanawake wa miaka 35 na zaidi wenye kipato kidogo, kwa ufundi au shahada ya kwanza. Umri unaokutoa kwenye mifuko mingine hapa ndio tiketi. Mfuko wa Patsy Takemoto Mink, mbunge wa Hawaii aliyepigania haki sawa ya elimu, hutoa tuzo chache kwa mama mwenye kipato kidogo na watoto wadogo, hadi dola 5,000 kila moja. Ushindani ni mkali, lakini fomu yake haichoshi. P.E.O., shirika la wanawake lenye matawi ya maeneo, husaidia wanawake ambao masomo yao yalikatika, ila lazima tawi la eneo lako likudhamini. Tafuta mwanachama kwanza, fomu baadaye.

Akina baba wanaolea peke yao watasikitika kuona mengi ya haya ni ya wanawake. Ni pengo la kweli. Arkansas ni mfano mzuri: Arkansas Single Parent Scholarship Fund, iliyoanza mwaka 1990, hupokea mama na baba sawa. Majimbo mengine yana mifuko midogo ya kaunti au ya taasisi za jamii, na mlango wa kuifikia ni ofisi ya chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) cha karibu.

Insha za mifuko hii zina kasoro moja inayojirudia. Mwombaji anasimulia mateso kwa aya nne, kisha anamalizia kwamba anataka maisha bora. Kamati inataka mpango: unasomea nini, kwenye chuo gani, zimebaki krediti ngapi, utamaliza lini, nani atakaa na watoto jioni ya vipindi, pengo la fedha ni dola ngapi na tuzo hii italijaza vipi. Aya moja ya historia inatosha. Kwa barua za mapendekezo usihangaike kumtafuta mwalimu wa zamani; msimamizi wa kazi, mwalimu wa muhula huu au mratibu wa shughuli za kujitolea ana uzito zaidi. Mpe wiki tatu na karatasi moja yenye mpango wako, la sivyo ataandika kwamba wewe ni mtu mwema na basi.

Programu za majimbo

Kwa ufupi, kwa sababu kila jimbo lina lake. Tennessee Reconnect tangu 2018, na Michigan Reconnect kwa wenye miaka 25 na zaidi, hulipia ada ya chuo cha jamii kwa watu wazima wasio na shahada. Nyingi za aina hii huja mwisho, zikijaza kilichobaki baada ya Pell; kama Pell imemaliza ada, huenda usione kitu.

Tovuti za kutafuta skolashipu

Bora kwa matumizi haya ni kitafutio cha CareerOneStop, kinachodhaminiwa na Wizara ya Kazi ya Marekani. Hakidai akaunti, hakiuzi taarifa zako, na kinachuja kwa jimbo na ngazi ya masomo, ufundi ukiwemo. Sura yake imezeeka na tarehe nyingine huwa zimepitwa, kwa hiyo kila jina ulilolipata lihakikishe kwenye tovuti ya mfuko wenyewe. Tafuta kwa maneno wanayotumia wafadhili: "reentry" (kurejea masomoni), "nontraditional" (mwanafunzi asiye kijana aliyetoka sekondari), "single parent" (mzazi pekee), "displaced homemaker". Hilo la mwisho humaanisha mtu aliyekuwa akitunza nyumba na sasa amebaki bila mchumo wa mwenzi, na linafungua tuzo zisizoonekana kwa maneno mengine.

Tovuti kubwa za kibiashara tunazipa alama ya chini. Skolashipu zisizodai insha humo kwa kawaida ni bahati nasibu, na bei yake ni anwani na simu yako. Ukizitumia, fungua baruapepe ya pembeni. Anayedai malipo ili kukutafutia ufadhili, au anayekuhakikishia utaupata, mwache hapo hapo.

Baada ya kushinda

Tuzo ya nje lazima ujulishe chuo, na chuo kinaweza kupunguza ruzuku yake chenyewe kwa kiasi hicho hicho. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kuvizuia vyuo vyake vya umma kufanya hivyo, mwaka 2017. Kwingineko omba kwa maandishi kwamba kinachopunguzwa kiwe mkopo kwanza. Mfuko ukikubali, hundi igawanywe kwa semesta mbili. Na weka risiti: kilicholipia ada, vitabu na vifaa vya lazima hakitozwi kodi, bali kilicholipia pango au mlezi wa watoto huhesabiwa mapato ya kikodi, na kitahitaji kutajwa unapojaza kodi ya mwaka huo.