Treni ya modeli ya kwanza: skeli ipi ununue ukitaka kuendesha pamoja na wenzako

Kabla hujavutiwa na rangi ya kichwa cha treni, uliza wenzako wana skeli gani, yaani uwiano wa ukubwa wa modeli na treni halisi (1:87 ni modeli ndogo mara 87). Utamu wa treni za modeli uko katika kuunganisha reli zenu na kupokezana mabehewa, na skeli tofauti haziungani: HO hupita kwenye reli zenye upana wa milimita 16.5, N kwenye milimita 9. Kama hapo ulipo hakuna mwenye nazo bado, huu ndio mpangilio wetu.

1. HO (1:87). Ndiyo yenye bidhaa nyingi kuliko zote, za dukani na zilizotumika, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kulipandisha behewa relini bila kusaidiwa. Ubao mmoja wa plaiwudi wa mita 1.2 kwa 2.4 unatosha duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 46 pamoja na njia ya kupishania. Kwenye kona hiyo mabehewa marefu ya abiria huvutana kwa pembeni na kuacha reli, kwa hiyo anza na mafupi ya mizigo. OO ya Uingereza (1:76) hutumia upana uleule wa reli. Angalia sana Märklin, kampuni ya Ujerumani: HO yake huchukua umeme katikati ya reli na magurudumu yake hayajatengwa kiumeme, hivyo ukiiweka kwenye reli mbili za kawaida inapiga shoti.

2. N (1:160). Kwa mwenye chumba kimoja, hii inaweza kuwa ya kwanza. Meza yenye upana wa sentimita 60 inatosha kugeuza treni. Kwa kukusanyika na wengine, T-TRAK ni mpango mzuri mno: kila mtu anatengeneza kisanduku chake nyumbani, kile cha kawaida kikiwa na urefu wa milimita 308, na juu yake reli za Unitrack za kampuni ya Kato za jumla ya milimita 310. Zile milimita mbili za ziada ndizo zinazowezesha reli kukutana kabla mbao hazijagusana. Mkifika ukumbini mnaviunganisha juu ya meza za kawaida.

3. G. Reli za milimita 45, za bustanini. Watoto wadogo huipenda na haivunjiki ovyo, lakini hata kona kali ya LGB, chapa ya treni za bustanini, ya nusu kipenyo cha sentimita 60, inameza uwanja, na bei ni ya juu.

4. O. Nzito na nzuri kuitazama, ila kusafirisha ni ghali.

5. Z (1:220). Usianzie hapa. Vumbi dogo tu huisimamisha.

Sasa umeme. Nyumba za Tanzania na Kenya zina volti 230 hadi 240, na seti nyingi za Marekani huja na transfoma ya volti 120, ambayo ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Soma kibandiko chake kabla ya kulipa. Kidhibiti cha kawaida hupeleka umeme relini, kwa hiyo vichwa viwili vilivyo kwenye njia moja huondoka pamoja. Mkitaka watu wawili waendeshe kila mmoja treni yake kwenye duara lilelile, nunueni mfumo wa kidijitali wa DCC, ambao kila kichwa huwa na dekoda (kifaa kidogo cha kupokea amri) yenye namba yake.

Usibane pesa kwenye reli. Za chuma hushika kutu upesi, hasa penye hewa ya bahari. Chagua za nikeli silva, aloi ya shaba, nikeli na zinki. Uzisafishe kwa kitambaa kilicholowa alkoholi ya isopropili, wala usitumie msasa, kwa sababu mikwaruzo yake hukusanya uchafu zaidi. Treni ikipunguza mwendo upande wa mbali na kidhibiti, tatizo ni viungio vya reli vilivyolegea: vikaze, kisha ongeza jozi ya nyaya za kupeleka umeme upande huo.