Nilipeleka diwani ya ami yangu igeuzwe, wakafuta ritifaa zote

Kama una kitabu kilichopangwa kwa PageMaker, ile programu ya zamani ya kupanga kurasa za vitabu, na unatafuta mtu hapa Mombasa wa kukigeuza kifunguke kwenye programu za leo, soma haya kabla hujatoa arbuni. Nina hasira na sifichi. Jina la ofisi silitaji. Iko mjini, ghorofani, ina kiyoyozi kizuri na bango mlangoni linalosema wanageuza faili za aina yoyote. Nilikusudia kuwapa nyota mbili. Ngoja nieleze.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitunga kwa Kimvita. Diwani yake ilipangwa kwenye Macintosh mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa PageMaker 6.5, ikachapwa nakala chache, zikaisha. Kilichobaki nyumbani kwetu Kibokoni ni CD moja yenye faili za kitabu na folda ya fonti, pamoja na nakala moja iliyochanika mgongo. Walimu wanakiulizia, na kila Ramadhani hakosekani kijana wa kubisha hodi akitaka kunakili beti. Sikutaka kitabu kiskaniwe kiwe picha tupu. Nilitaka faili hai, nitakayoweza kuiongezea dibaji, nirekebishe palipokosewa, kisha niipeleke matbaa.

Asiyeyajua mashairi yetu pengine hataelewa kwa nini nalilia alama ndogo. Ami aliandika Kimvita kama kinavyotoka mdomoni, na sauti zenye mpumuo alizitia ritifaa, ile alama ya (') inayokaa juu ya mstari: p'aa wa mwituni mbali na paa la nyumba, k'aa wa baharini mbali na kaa la moto. Ongeza na zile ng' za kawaida ambazo kila Mswahili anaziandika. Hakuna ukurasa wa kitabu kile usiokuwa na ritifaa, na beti nyingine zinazo katika kila mshororo. Rasimu aliyoihakiki mwenyewe bado ninayo. Kando zote zimejaa wino mwekundu, na pale mpangaji alipoisahau alama ami aliizungushia duara mara mbili.

Basi nikapanda ngazi zao. Binti wa mapokezi alinipokea kwa heshima, akanipa kiti na maji baridi, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Mkubwa wao alikuja, akaitia CD kwenye kompyuta ya Windows, akaangalia kidogo tu, akaniambia, "Mama, hizi si faili. Hazina mkia."

Faili za Macintosh za wakati ule hazikuhitaji mkia wa nukta na herufi tatu ili zijulikane. Mtu anayetangaza kwamba anageuza faili za zamani anapaswa kulijua hilo kabla hajaweka bango. Kisha akafungua folda ya fonti, akanionyesha kwa kidole: kila moja kilobaiti sifuri. "Umeniletea fonti tupu." Alisema kwa sauti, watu kwenye foleni wakageuka. Hata hivyo arbuni aliichukua, akasema nipite wiki ijayo.

Nilipoitiwa kazi, mwanzoni nilifurahi, wallahi. Kitabu kilifunguka kwenye InDesign mpya, programu ya kupanga kurasa inayotumika siku hizi. Jalada la ndani limekaa vizuri. Kila ubeti umepangwa, kipande cha kwanza kimenyooka upande wake na cha pili upande wake, vina vimesimama chini ya vina. Aliyeupanga ule ukurasa ana jicho, na sitamnyima haki yake. Fonti haikuwa ile ya ami, lakini nikasema hilo linasameheka.

Nikafika kwenye shairi lake linalojulikana zaidi mtaani. Mstari wa kwanza kitabuni ni huu:

Ng'ombe wa mtu baidi, hanywi maji ya kisima

Kwenye skrini ilikuwa hivi:

NgÕombe wa mtu baidi, hanywi maji ya kisima

Nikashuka chini. PÕaa. KÕaa. NgÕara. Panapofunguliwa maneno ya msemaji pana Ò, panapofungwa pana Ó. Kitabu kizima. Nikamwuliza mkubwa haya ni nini. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu yake, "Hiyo ni herufi tu, mama. Msomaji ataelewa."

Nikamwambia msomaji hataelewa, na kwamba sikulipa ili msomaji abahatishe. Hapo ndipo alipofanya kile ambacho sitamsamehe. Aliivuta kipanya, mbele yangu, akafungua kile kisanduku cha kutafuta na kubadilisha. Juu akaandika Õ. Chini akaacha wazi. Akabonyeza kubadilisha zote. Akahifadhi juu ya faili ile ile, akaifunga, akaniambia, "Sasa hakuna Õ hata moja. Umeridhika?"

Naomba kila mwenye kitabu aelewe kilichotokea hapo. Ile Õ ilikuwa mbaya kwa macho, lakini ilikuwa imeshika nafasi. Kila mahali ritifaa ilipopotea, Õ ilikaa kuonyesha kwamba hapa palikuwa na kitu, na katika Kiswahili hatuna neno hata moja lenye herufi hiyo. Angeandika ritifaa kwenye kisanduku cha chini badala ya kuacha wazi, ritifaa zote zingerudi mahali pake kwa amri moja. Alipofuta, ng ya ng'ombe ikawa sawa na ng ya ngoma, na p'aa akawa paa. Hakuna programu duniani itakayojua ipi ilikuwa ipi. Inabidi mtu akae na kitabu kilichochapwa asome neno kwa neno. Nilimwomba arudishe nyuma, akasema ameshafunga, na InDesign ukishafunga faili haikumbuki tena ulichokifanya. Nakala ya kabla? Hakuweka.

Nilitoka pale nikaenda kukaa Makadara kwenye benchi mpaka mikono ikatulia. Nyota mbili zilikuwa zimeshakwisha.

Nilirudi kudai CD yangu. Mkubwa alikuwa ametoka kwenda kuswali adhuhuri. Kijana aliyekaa meza ya nyuma, mwanafunzi aliyepelekwa pale kwa mafunzo ya kazi, akainuka. "Shikamoo mama. Ile CD naweza kuitazama kabla hujaondoka?" Akaitia kwenye iMac kuukuu, nayo ni Macintosh, iliyokuwa pembeni, imewekewa maboksi ya karatasi juu yake. Akayaondoa maboksi, akaiwasha.

Aliyonieleza kijana yule kwa muda mfupi sikuyasikia kwa mkubwa wake hata chembe. PageMaker, iliyoanza mwaka 1985 mikononi mwa kampuni ya Aldus na kuchukuliwa na kampuni ya Adobe mwaka 1994, iliachwa kuendelezwa mwaka 2004. InDesign zilizofuata ziliendelea kufungua faili za PageMaker kuanzia toleo la 6.0, lakini mwisho wake ni CS6, ile ya mwaka 2012. Hizi za kulipia kila mwezi hazifungui kabisa. Kwa hiyo njia aliyonionyesha ni hii: unafungua kwenye CS6, unahifadhi kama IDML, aina ya faili ya InDesign inayosomeka na matoleo mengine, halafu IDML hiyo inafunguka kwenye InDesign ya leo, na hata Affinity, programu nyingine ya kupanga kurasa, inaikubali. iMac ile ilikuwa na CS6. Hawakuisasisha, ndiyo maana ilikuwa bado inafanya kazi hiyo.

Na fonti zangu "tupu"? Hazikuwa tupu. Fonti za Macintosh za zamani zina sehemu mbili ndani ya faili moja, na data yenyewe iko kwenye ile sehemu ambayo Windows haiioni. Ukiifungua CD kwenye Windows unaona sifuri. Kwenye iMac zilitokea kamili, Adobe Garamond na uzito wake wote. Yule bwana alinifedhehesha mbele ya watu kwa kosa la kompyuta aliyoichagua yeye.

Nikamwuliza kuhusu Õ. Akacheka kidogo kwa haya, akasema, "Hawakugeuza faili, mama. Waliifungua kama maandishi matupu, wakakata takataka, wakabandika kwenye kurasa mpya." Ndani ya kompyuta kila herufi ina namba yake, na Macintosh ya enzi ile iliiweka ritifaa kwenye namba 213. Windows kwenye namba 213 ina Õ. Alama za kufungua na kufunga maneno zilikuwa 210 na 211, ndizo zile Ò na Ó. Ukisoma maandishi ya Macintosh kwa jedwali la Windows, hayo ndiyo utakayoyapata kila mara. Ni jambo la zamani, linajulikana, na linarekebishika kwa urahisi kabla mtu hajafuta.

Faili ikafunguka. Kwanza maandishi yalikuwa na rangi ya waridi nyuma yake, maana fonti ilikuwa haijaonekana. Akazitia fonti, waridi ikaondoka, na hapo nikauona ukurasa wa ami kama ulivyo kitabuni. Ng'ombe wa mtu baidi. Ritifaa mahali pake, imepinda kama koma iliyopandishwa juu. Nilishika meza.

Kijana alinitahadharisha kwamba kazi haijaisha. Zile ni fonti za Type 1, aina ya zamani, na Adobe iliacha kuzitambua kwenye programu zake mpya tangu Januari 2023. Kwa hiyo akabadilisha kwa Adobe Garamond Pro, ambayo ni ukoo huo huo. Mishororo michache mirefu ikaruka mstari wa chini, akairudisha mmoja mmoja kwa mkono, akinisomea kila mmoja ili nihakikishe mizani. Akaniwekea IDML na faili ya InDesign kwenye fleshi yangu.

Sasa hapa ndipo ninapochemka. Mashine ilikuwa mle ndani. Programu ilikuwa mle ndani. Mtu anayejua alikuwa mle ndani, hatua chache nyuma ya kiti cha mkubwa. Kitabu cha marehemu kimeharibiwa kwenye meza ya mbele wakati dawa iko meza ya nyuma chini ya maboksi. Nilimwuliza kijana kwa nini hawaitumii. Akasema mkubwa anaiona inawachelewesha.

Mkubwa aliporudi alisimama juu yetu akauliza, "Nani amekuruhusu kugusa mashine hiyo?" Hakumwuliza kama kazi imefaulu. Kisha akanigeukia mimi, akasema hiyo ni kazi mpya, kwa hiyo nilipe baki ya kwanza na nyongeza. Nyongeza nilikataa. Baki nililipa, kwa sababu nilimwona kijana anatazama chini na sikutaka nikishaondoka yeye ndiye abebe. Risiti iliandikwa "kugeuza faili". Binti wa mapokezi alinisindikiza hadi kwenye ngazi.

Mtu ataniambia, si umepata faili yako? Ndiyo, ninayo, na ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Nikiifungua nafurahi. Halafu nakumbuka "umeridhika?" na furaha inakatika. Siwezi kuisifu ofisi kwa kazi iliyofanywa mkubwa wake akiwa msikitini na akaja kuikaripia.

Kwa wenye haraka: LibreOffice ya bure inafungua faili za PageMaker tangu toleo la 4.4 la mwaka 2015. Mpwa wangu alinijaribia. Inazifungua kama mchoro, kila kipande cha maandishi peke yake. Inafaa kusoma kilichomo, haifai kupeleka matbaa. Na walio na vitabu vya madrasa kwenye Microsoft Publisher, nao wasikae: Microsoft imeshatangaza kuifunga Oktoba 2026. Zitoeni sasa, programu ikiwa bado inafunguka.

Ukilazimika kwenda ofisi yoyote ya aina hii, chagua ukurasa wenye ritifaa nyingi, waambie waugeuze huo mmoja ukiwa umekaa hapo hapo, na CD isilale kwao. Uliza kama wana CS6. Wakisema hawaijui, teremka ngazi. Zikitokea herufi usizozijua, usikubali mtu azifute.

Nimeweka nyota moja. Ni ya kijana yule na binti wa maji baridi. Ami aliacha juzuu nyingine ya tenzi kwenye diski za zamani zaidi, na hiyo haitapanda ngazi zile. Kijana akimaliza mafunzo yake nitamtafuta alipo, nimlipe yeye.